Ujumbe wa kesho ulale wapi leo: cron, RabbitMQ, hifadhidata au wingu?

Tuchukue SACCOS yenye wanachama 3,000. Kila mwenye mkopo anatakiwa apate SMS siku tatu kabla ya tarehe ya rejesho, saa 2 asubuhi. Skripti ya Python inaandaa ujumbe, RabbitMQ, programu ya kupokea ujumbe na kuupanga kwenye foleni, inaupokea, na programu ya upande wa pili inauchukua mmoja mmoja na kuukabidhi kwa kampuni ya SMS. Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza pale unapouliza: ujumbe ulioandaliwa leo na unaotakiwa kutoka Alhamisi ijayo, ukae wapi siku zote hizo?

Njia ni nyingi, na karibu zote zinafanya kazi ukizijaribu kwa ujumbe wa dakika mbili. Tofauti zinaonekana baadaye. Mimi huzipima kwa maswali matatu: je, naweza kuufuta ujumbe mmoja kabla haujatoka? Seva ikizimika saa ileile ya kutuma, nini kinatokea? Na ujumbe unaweza kusubiri kwa muda gani bila wasiwasi? Swali la kasi, ambalo ndilo hupendwa zaidi kwenye mabishano, silipi uzito hapa. Kwa mzigo wa SACCOS, RabbitMQ itakuwa imemaliza kazi yake kitambo wakati kampuni ya SMS bado inakupa zamu.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua: ujumbe wa kusubiri siku ukae kwenye hifadhidata na uingie foleni muda wake ukifika. Ucheleweshaji wa ndani ya foleni uachiwe kazi za sekunde na dakika. Kwa mwenye haraka, picha nzima ni hii. Cron ni programu ya Linux inayoamsha skripti kwa saa uliyopanga, TTL ni umri anaopewa ujumbe kabla ya kufa, nodi ni seva moja kati ya zinazofanya kazi pamoja, na SQS na EventBridge Scheduler ni foleni na ratiba za wingu la Amazon:

| Njia | Inafaa kusubiri | Kufuta ujumbe mmoja | Seva ikizimika saa ya kutuma |
|---|---|---|---|
| Cron inayotuma papo kwa papo | Haisubirishi kitu | Hakuna cha kufuta, orodha hutengenezwa palepale | Zamu hiyo imepita |
| TTL na foleni ya pili | Sekunde hadi saa chache | Haiwezekani | Unabaki, ikiwa foleni na ujumbe vyote ni vya kudumu |
| Programu-jalizi ya kuchelewesha | Hadi siku moja au mbili | Haiwezekani | Uko kwenye diski ya nodi moja tu |
| Jedwali pamoja na cron | Muda wowote | Amri moja ya UPDATE | Unatoka seva ikirudi |
| Amazon SQS peke yake | Dakika 15 | Haiwezekani | Wanaohangaika ni Amazon |
| EventBridge Scheduler na SQS | Muda wowote | Unafuta ratiba yake | Wanaohangaika ni Amazon |

Cron peke yake

Hii ndiyo njia ya kwanza ya kila mtu, na isidharauliwe. Kila asubuhi skripti inaamka, inaiuliza hifadhidata nani ana rejesho baada ya siku tatu, inatuma majina yote kwenye foleni, inalala. Uzuri wake mkubwa ni kwamba uamuzi unafanyika dakika ileile ya kutuma. Aliyelipa jana jioni hayumo kwenye orodha, bila wewe kufuta chochote.

Udhaifu wake ni kwamba cron haina habari na jana. Umeme ukikatika saa 1 na nusu na kurudi saa 3, zamu ya saa 2 haitarudiwa. Kwenye Linux yenye systemd, programu inayosimamia huduma za mashine, unaweza kutumia taima zake badala ya cron na kuweka `Persistent=true`, na hapo zamu iliyokosekana itafanyika mara mashine inapowaka. Ni badiliko dogo, na kama seva yako ni kompyuta iliyo chini ya meza ofisini, lifanye leo.

Kuna mitego midogo pia ambayo hula siku nzima ya kazi. Alama ya `%` ndani ya crontab, faili la ratiba za cron, hugeuka kuwa mstari mpya, kwa hiyo `date +%F` inayofanya kazi vizuri ukiiandika mwenyewe itavunjika ndani ya cron hadi uandike `\%`. PATH ya cron, yaani orodha ya folda inakotafuta programu, ni fupi, hivyo andika njia kamili ya Python. Na skripti ikichukua zaidi ya dakika moja huku cron inaiita kila dakika, zitaanza kukanyagana. Mstari ninaoupenda ni huu:

```
* * * * * flock -n /tmp/tuma.lock /usr/bin/python3 /opt/saccos/tuma.py >> /var/log/tuma.log 2>&1
```

`flock -n` inahakikisha kwamba kama ya kwanza haijamaliza, ya pili inaondoka kimya.

Kisha kuna saa yenyewe. Seva nyingi za kukodi zinatembea kwa UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, na sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo saa 2 asubuhi ya Dar es Salaam au Nairobi ni 05:00 kwenye crontab, wala si 02:00 na wala si 08:00. Cron ya Debian haikubali kila mtumiaji kuwa na ukanda wake wa saa, wakati ile ya familia ya Red Hat inakuruhusu kuandika `CRON_TZ`. Ukiwa na wanachama Bujumbura, Kigali au Goma, wao wako UTC+2. Kinshasa ni UTC+1. Hizi zote hazibadiliki mwaka mzima, ni neema yetu. Mwanachama aliyeko London au Toronto anabadilishiwa saa mara mbili kwa mwaka, na hesabu ya kuongeza tatu uliyoiandika kwa mkono itamwamsha alfajiri. Hifadhi muda kwa UTC, hifadhi na jina la ukanda kama `Africa/Dar_es_Salaam`, iache maktaba ifanye hesabu.

TTL na foleni ya pili

RabbitMQ, kwa asili yake, haijui kuchelewesha. Inajua kuua. Ujumbe unaweza kupewa umri, na ukifa unaweza kutupwa kwenye foleni nyingine. Wajanja wakageuza kifo hicho kuwa saa: unatengeneza foleni isiyosikilizwa na mtu yeyote, unaiwekea `x-dead-letter-exchange`, yaani mahali pa kupeleka waliokufa, ujumbe unakaa humo hadi umri wake uishe, kisha unaangukia foleni halisi ambako programu yako inausubiri. Huhitaji kusakinisha chochote cha ziada.

Tatizo linakuja ukichanganya muda tofauti kwenye foleni moja. Weka ujumbe wa saa 24, kisha nyuma yake weka wa saa 1. Saa moja ikipita, wa pili hautoki. Umri wake umeisha, lakini RabbitMQ huwatoa waliokufa kuanzia mbele ya foleni, na aliye mbele bado ana saa 23. Ukiupima kwa ujumbe mmoja mmoja hutaliona kabisa. Litajitokeza siku ya kazi halisi.

Dawa ni kuwa na foleni moja kwa kila muda: ya dakika 1, ya dakika 5, ya dakika 30. Hapo njia hii ni safi, na ndipo mahali pake hasa, yaani kujaribu tena. Kampuni ya SMS ikikujibu kwamba imezidiwa, tupa ujumbe kwenye foleni ya dakika 1. Ikigoma tena, ya dakika 5. Kwa tarehe za marejesho ya watu 3,000 usijaribu. Na ukitumia pika, maktaba ya Python ya kuongea na RabbitMQ, umri wa ujumbe mmoja unaandikwa kama maandishi: `expiration='60000'`. Ukiweka namba tupu itagoma.

Kuna wanaofanya jambo jingine ambalo siliweki hata kwenye jedwali: programu inayopokea inachukua ujumbe, inaona muda bado, inalala kwa `time.sleep` hadi ufike. Kwa mpangilio wake wa kawaida, RabbitMQ husubiri uthibitisho kwamba ujumbe umeshughulikiwa kwa dakika 30, kisha hufunga njia na kurudisha ujumbe kwenye foleni. Programu ikiamka inakuta haina mawasiliano, na ujumbe ule ameshapewa mwingine.

Programu-jalizi ya kuchelewesha

Ni nyongeza inayosakinishwa ndani ya RabbitMQ, na inaitwa `rabbitmq_delayed_message_exchange`. Unatengeneza eksichenji ya aina ya `x-delayed-message`, eksichenji ikiwa ni ile sehemu inayopokea ujumbe na kuamua uingie foleni ipi, kisha kila ujumbe unaubandika kichwa cha `x-delay` chenye milisekunde. Hakuna tatizo la aliye mbele kumzuia wa nyuma. Kwa mtu anayeandika msimbo, ni tamu kuliko TTL.

Lakini soma maelezo ya walioitengeneza. Wanasema wazi kwamba ilikusudiwa kuchelewesha kwa sekunde, dakika au saa, siku moja au mbili ikizidi sana. Wanasema haifai ujumbe uliocheleweshwa ukifika mamia ya maelfu. Ujumbe unaosubiri unakaa kwenye diski ya nodi moja bila nakala, hata kama klasta yako ina nodi tatu. Na ukiizima programu-jalizi hiyo, kila ujumbe unaosubiri unapotea. Kihesabu, kikomo cha `x-delay` ni milisekunde zinazokaribia siku 50, na kuna watu wanaosoma namba hiyo wakadhani wameruhusiwa kupanga ujumbe wa mwezi ujao.

Haiji pamoja na RabbitMQ, unaipakua mwenyewe na toleo lake lazima liendane na la seva yako. Siku ya kupandisha toleo utaikumbuka.

Jedwali, na skripti inayolichungulia

Hapa ndipo SACCOS yetu inapopata jibu la swali la kwanza, lile la kufuta.

Fikiria mwanachama ambaye ujumbe wake wa kukumbushwa umepangwa Alhamisi. Jumanne analipa kwa simu. Kama ujumbe umelala ndani ya RabbitMQ, kwa TTL au kwa programu-jalizi, hakuna amri ya kuutafuta na kuutoa. Alhamisi utatoka, utamwambia mtu aliyelipa kwamba anadaiwa, naye ataupiga picha na kuuweka kwenye kundi la WhatsApp la wanachama. Kwenye shughuli za fedha, swali hili peke yake linatosha kuamua.

Kwenye jedwali, kufuta kunaingia ndani ya muamala uleule unaorekodi malipo:

```sql
UPDATE ujumbe SET hali = 'umefutwa'
WHERE mkopo_id = 4471 AND hali = 'unasubiri';
```

Malipo yakirekodiwa, ukumbusho umekufa. Malipo yakishindwa kurekodiwa, ukumbusho uko hai. Hakuna katikati.

Upande wa kutuma, skripti inayoitwa na cron kila dakika inauliza hivi:

```sql
SELECT id, mkopo_id FROM ujumbe
WHERE hali = 'unasubiri' AND muda <= now()
ORDER BY muda
LIMIT 500
FOR UPDATE SKIP LOCKED;
```

Angalia `muda <= now()`. Hairudii makosa ya cron tupu, kwa sababu haiulizi nani anatakiwa dakika hii, inauliza nani muda wake umefika na bado hajatumiwa. Umeme ukirudi saa 3, wa saa 2 wote wanatoka. `SKIP LOCKED`, iliyoingia PostgreSQL 9.5 mwaka 2016 na ambayo MySQL inayo tangu 8.0, inakuwezesha kuendesha skripti mbili kwa pamoja kila moja ikichukua mistari yake bila kugombania.

Angalia pia kwamba jedwali linahifadhi `mkopo_id`, halihifadhi maandishi ya SMS. Ukiandika "Unadaiwa 150,000" wiki moja kabla, na mwanachama akalipa nusu, umehifadhi uongo. Tunga sentensi wakati wa kutuma.

Sasa pagumu. Skripti inatuma kwenye RabbitMQ, kisha inabadilisha hali kuwa 'umetumwa'. Ikifa katikati ya hatua hizo mbili, ikiamka itatuma tena. Ukigeuza mpangilio, ukaandika 'umetumwa' kwanza ndipo utume, ikifa katikati ujumbe hautatoka kamwe na jedwali litakuapia kwamba umetoka. Hakuna mpangilio wa tatu. Mimi huchagua kurudia kuliko kupoteza, kisha upande wa kupokea unakataa marudio: kila ujumbe unabeba `message_id` iliyo sawa na `id` ya mstari, na kabla ya kuita kampuni ya SMS, programu inajaribu kuiingiza kwenye jedwali la zilizokwishatumwa kwa `INSERT ... ON CONFLICT DO NOTHING`. Ikiambiwa mistari iliyoingia ni 0, inathibitisha ujumbe na kuendelea na mwingine.

Usisahau `confirm_delivery()` kwenye pika. Bila hiyo, `basic_publish` inarudi ikiwa na furaha hata kama RabbitMQ haikupokea kitu, na hapo kuandika 'umetumwa' ni kubahatisha. Foleni itangazwe kuwa ya kudumu, na kila ujumbe uwe na `delivery_mode=2`. Kimoja bila kingine hakikuokoi seva ikizimika.

Uwezo wa kufidia yaliyopita una kasoro yake. Seva ikikaa gizani tangu asubuhi na kurudi saa 4 usiku, skripti itatuma kwa utiifu wote taarifa ya mkutano uliokwisha saa 6 mchana. Weka safu ya pili ya muda, `mwisho`, na usitume kilichopitiliza. Hapa ndipo TTL inarudi kwa heshima: ukituma, mpe ujumbe umri unaoishia kwenye `mwisho`, ili hata ukikwama ndani ya foleni kwa sababu kampuni ya SMS iko chini, usitoke ukiwa umechacha.

Gharama ya njia hii ni kwamba una jedwali la kutunza, na ujumbe unaweza kuchelewa hadi dakika moja. Kwa kukumbusha deni, dakika moja si kitu. Weka faharasa ya `muda` kwa mistari yenye hali ya 'unasubiri' pekee, na jedwali likifika mamilioni bado swali litajibiwa upesi.

Redis

Redis ni hifadhidata inayokaa kwenye kumbukumbu ya mashine (RAM), na wengi wanayo tayari. Unaweka ujumbe kwa `ZADD` yenye muda kama alama, kisha skripti inachukua zilizofika na kuziondoa kwa `ZREM`. Aliyejibiwa 1 ndiye mwenye ujumbe. Ni ya haraka na kufuta kunawezekana. Lakini data yako ya mikopo iko kwenye hifadhidata nyingine, kwa hiyo ule muamala mmoja wa malipo na ufutaji haupo tena. Na kama unatumia Celery, maktaba ya Python ya kugawa kazi za nyuma, juu ya Redis na kupanga kazi kwa `eta`, yaani muda wa kuifanya, fahamu kwamba kwa mpangilio wa kawaida kazi isiyothibitishwa ndani ya saa moja hutolewa kwa mfanyakazi mwingine. Kazi ya kesho asubuhi inaweza kufanyika mara kadhaa, na kila mara ni SMS unayolipia.

Wingu

Amazon SQS ina `DelaySeconds`, na mwisho wake ni 900, yaani dakika 15. Wengi huligundua hili baada ya kumaliza kuandika msimbo. Kwa muda mrefu zaidi, Amazon walileta EventBridge Scheduler mwaka 2022: kila ujumbe unakuwa ratiba yenye jina lake, ina ukanda wa saa, inaweza kuwa ya mara moja tu, na unaweza kuifuta. Azure Service Bus inakuruhusu kupanga ujumbe na kukupa namba ya kuufutia baadaye. Ukitaka kubadilisha muda, unafuta na kupanga upya. Google Cloud Tasks inapokea kazi za hadi siku 30 mbele.

Zote hizi ni nzuri kwa timu isiyotaka kuamka usiku kwa ajili ya seva. Ila bili ni kwa dola, kwa kadi, na kadi ya taasisi ikiisha muda wake huduma inasimama. Pia unabaki na rekodi mbili: mkopo uko kwako, ratiba iko kwao, na siku simu ya kufuta itakapokwama njiani utakuwa na ukumbusho yatima. Kama mfumo wako mzima tayari uko huko, chukua. Kuhamia huko kwa ajili ya SMS za saa 2 asubuhi peke yake, sioni sababu.

Je, foleni yenyewe unaihitaji?

Kwa ujumbe 200 kwa siku, hapana. Jedwali, cron, na skripti inayoita kampuni ya SMS moja kwa moja vinatosha, na umepunguza kitu kimoja cha kuharibika. Foleni inaanza kulipa pale ujumbe 3,000 unapoiva dakika moja na kampuni ya SMS inapokea kwa kasi yake, au pale ujumbe uleule unatakiwa uende SMS, barua pepe na programu ya simu, kila kimoja kwa programu yake.

Kwa vile tumetaja bili: kagua herufi kabla ya kutuma. SMS moja ni herufi 160 kwa alfabeti ya kawaida ya GSM, lakini ikiingia herufi moja tu iliyo nje ya alfabeti hiyo, kikomo kinashuka hadi 70. Jina kama Ng'wandu likiwa limenakiliwa kutoka Word lina kile kiapostrofi kilichopinda, na hicho kimo nje. Ukumbusho wa herufi 120 unageuka SMS mbili. Skripti ibadilishe kiapostrofi kiwe kilichonyooka kabla ya kuingiza foleni.

Ukishachagua, jaribu kwa kuharibu. Ingiza mistari 50 yenye muda wa dakika mbili zijazo na namba za simu za wenzako ofisini, futa kumi kabla ya muda wake, kisha ua skripti kwa `kill -9` ikiwa katikati ya kutuma. Iache cron iiamshe. Zima RabbitMQ, subiri dakika tano, iwashe. Mwisho hesabu SMS zilizofika: zinatakiwa 40, na asiwepo aliyepata mbili.